Kuinama kwa Ajili ya Godoro

Zawadi ya kwanza ya mbio za kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli hapa Bunia, ilikuwa godoro. Tangazo lilipotolewa parokiani, sikuwaza mbio hata kidogo. Niliwaza mdogo wetu wa mwisho, anayekohoa kila mvua zinapoanza kwa sababu tunalala kwenye mkeka juu ya saruji. Tangu wazazi wetu wafariki mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Shule niliiacha kabla ya kumaliza msingi, nikaanza kubeba samaki kutoka ziwani Kasenyi kwa kinga, na kwa hiyo nilijiona mwendeshaji hodari. Kumbe mtu anayepanda mlima akisukuma kinga yenye mzigo si mwendeshaji. Ni punda mwenye magurudumu.

Fundi jirani yetu wa hapa mtaani Ngezi aliniazima kinga nyembamba ya mbio, yenye usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo dume. Alinitazama nikiizungusha mbele ya kibanda chake, nimenyooka kama padri anayebariki.

"Unapanua kifua kwa upepo kama pazia," alisema. "Lala. Mugongo ikuwe meza. Viwiko ukunje, magoti yabakie karibu."

Akashusha usukani, akasogeza kiti mbele kidogo, akaniacha na maumivu yangu.

Nyumbani, dada yangu anayenifuata alijiteua kocha. Niliegemeza kinga ukutani, nikapanda, nikashika pembe chini kabisa, naye akaniwekea kikombe cha maji mgongoni.

"Yaya," aliniita, kama tunavyomwita mkubwa wetu, "maji iko inamwangika. Shuka tena."

"Nikishuka tena nitalamba gurudumu."

"Ulambe. Ni tumbo ndiyo inakuzuia."

Alisema kweli. Nilikuwa nimetoka kula bugali, na kila goti lililopanda liliusukuma urudi ulikotoka. Mashati yalilowa mpaka nikajua kukaa bila kumwaga.

Barabarani nilipata faraja. Nikiinama, upepo ulipita juu yangu badala ya kunisukuma kifuani. Siku moja nilipita pikipiki. Ilikuwa imeharibika, lakini niliipita.

Tatizo ni kwamba mtu aliyelala hivyo anaona lami tu. Yuko mama mmoja anayeuza unga wa muhogo kando ya barabara. Tulipofiwa, alitupikia hata baada ya majirani wengine kuchoka. Alikuja nyumbani kumuuliza dada yangu:

"Yaya yenu iko na tumbo ya kuuma? Anapitaka amekunjamana, hata hasalimie."

"Hapana, mama. Anajifunza kukata upepo."

"Upepo ilimukosea nini?"

Siku ya mbio nilikuwa mbele. Mgongo meza, viwiko vimekunjwa, na pumzi za kijana aliyenifuata zilikuwa zinabaki mbali. Ndipo nikaona kitenge cha mama yule, amesimama kando ya unga wake. Mwili haukuniomba ruhusa. Nilinyooka, nikatoa mkono kwenye usukani, nikapunguza mwendo, kwa maana huwezi kumtupia mama salamu kama unayetupa ganda la ndizi.

"Jambo, mama."

Naye, kwa adabu yake, akauliza habari za nyumbani. Nilikuwa ninamweleza kwamba mtoto bado anakohoa kidogo, wakati yule kijana alipopita chini ya mkono wangu.

Nilikuwa wa pili. Walinipa katoni ya sabuni. Mama wa unga alikuja mpaka uwanjani, amekasirika.

"Weye, nani alikutuma kunisalimia leo?"

Nilimkumbusha kwamba ni yeye aliyeuliza habari.

"Na weye ulikuwa na lazima ya kujibu yote?"

Dada yangu hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliitazama katoni, akamtazama mdogo wetu.

"Basi, tutalala chini, lakini tutakuwa safi sana."

Kisha akanihamishia upande wa ukuta, ambako saruji ni baridi zaidi, na mtoto akapewa nafasi yangu.