Niliitwa mzembe kazini, kumbe processor yangu ilifungwa kwenye asilimia 30

Wakuu, assalaamu alaykum.

Haya yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa. Kama kuna mfanyakazi mwenzangu humu na akaona nimetia chumvi, anisute.

Nna miaka hamsini na mbili, nafanya booking ofisi ya mjini ya hoteli moja iliyoko Uroa. Kazi naijua tangu tunaandika kwenye madaftari.

Mwaka huu desktop yangu ikaanza kunitesa. Nabonyeza, nasubiri. Mgeni yuko kwenye simu, ukurasa haujafunguka.

Nikilalamika naambiwa, "Bi Zuwena, kompyuta zote aina moja. Mbona Asha hana tatizo?"

Asha ni binti wa meza ya jirani, ana miaka ishirini na nne. Mshaelewa walichokusudia.

Siku moja meneja akaniita, kaniwekea barua mezani. Nikiri uzembe, nikubali kuhamia stoo ya Uroa. Mimi nakaa Michenzani, huku huku mjini, na mama yangu hawezi, yuko kitandani.

"Tia saini tu, Bi Zuwena. Umri ushakwenda, si aibu."

"Sitii."

Nikaiacha barua pale pale mezani, nikatoka.

Nikamwambia Asha tujaribu. Tukafungua faili moja kwa pamoja, huku Task Manager, ile inayoonesha mashine inavyokwenda, iko wazi kwenye zote mbili. Yake speed inapanda mpaka GHz 3 na ushei. Yangu imeganda 0.9, haitikisiki.

Nikaingia humu humu kusoma nyuzi zenu. Nikafuata: Control Panel, Power Options, advanced settings, Processor power management.

Maximum processor state: 30%.

Yaani mashine imeamrishwa isitumie hata theluthi ya nguvu zake!

Sikuigusa. Nikamwita meneja na fundi wa IT, wote wawili waje waone.

"Nani kaweka hii?"

Fundi akainama. "Mimi, Bi. AC ilipoharibika mashine yako ikichemka sana, nikaipunguza ipoe. AC ikatengenezwa, nikasahau."

Alikiri mbele ya bosi wake, na hilo namheshimu.

Akaandika 100, Apply. Faili lililokuwa likinipotezea dakika nzima likafunguka papo hapo. Asha akapiga kigelegele ofisini!

Meneja akasema, "Basi, yameisha."

"Hayajaisha. Barua ya uzembe iliandikwa kwa jina langu. Nataka na ya kuifuta, kwa jina langu vile vile."

Alinitazama kweli. Na mimi nikamtazama.

Siku ya pili nikaipata, na muhuri juu.

Nilichojifunza: ukiambiwa wewe ndiye mzito, pima mashine kwanza, tena wakati inafanya kazi. Na nyinyi mafundi, mkipunguza nguvu za kompyuta ya mtu, mwambieni mwenye kuitumia.

Yupo mwengine yaliyomkuta kama haya? Aje aseme. Na anayeona nilimvunjia meneja heshima naye aje, nipo, nnamsubiri.