Macho ya Mulombwa

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, katika cité, mtaa wa sisi Waafrika, ya Élisabethville, damu ilinitoka nyingi mno. Hospitalini waliizuia, wakanipa vidonge vya kuongeza damu, wakaniruhusu nirudi nyumbani. Lakini nguvu hazikurudi. Nikienda bombani kuteka maji, uwanja wote ulizunguka. Viganja vyangu vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo, na maziwa yalikuja kidogo sana, mtoto akilia huku bado yuko kifuani.

Mume wangu alikuwa akichochea moto kwenye treni. Alimtumia mama yake habari, huko Pweto, kando ya ziwa. Mimi nilimwogopa mama huyo. Nilikuwa binti wa Kasai, mgeni kwao, na ukoo wao haukuipenda ndoa yetu. Tangu arusi hakuwahi kukanyaga kwetu.

Alishuka kwenye lori na kapu la samaki wakavu, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Hata mtoto hakumtazama kwanza. Alinikalisha mlangoni penye mwanga, akavuta ngozi ya chini ya jicho langu kwa kidole gumba, akachungulia.

"Damu yako ilienda wapi, mwana yangu?"

Kuitwa hivyo na yeye!

"Ile vidonge, uko nakunywa?"

"Ndiyo, mama."

"Muzuri. Usiache. Lakini tutaongeza kintu."

Jumapili, baada ya misa, mume wangu alimbeba mtoto, mimi nikaegemea bega la mama mkwe, tukatoka mjini pole pole, tukipumzika kila mara, hadi pori linapoanza. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Mvua haijadondosha hata tone, moto umepita, chini ni majivu matupu. Na juu ya majivu hayo miti ilikuwa imetoa majani mapya, mekundu, pori zima jekundu mpaka macho yanapofika. Nilikuwa nimekulia mjini, sijawahi kuliona hivyo. Niliuliza miti inapata wapi maji.

"Miye pia sijui," alisema mama. "Kila mwaka ninaona, kila mwaka ninashangaa."

Akasimama chini ya mti wa mulombwa, ambao ulikuwa bado hauna jani. Ili awe na hakika kwamba ndio wenyewe, alikwaruza gome kwa ncha ya kisu. Utomvu ukatoka mwekundu, mzito, ukateremka taratibu. Nilirudi nyuma nikafanya ishara ya msalaba.

"Uko naogopa?"

"Mama, ni damu!"

"Iko kama damu. Njo maana tunakuya kwake."

Aliokota udongo, akaulowesha kwa mate, akaliziba lile jeraha huku akilipapasa, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Ndipo akaanza kuchuma macho ya mti. Ndivyo alivyoyaita machipukizi yale yaliyofumba bado, yenye manyoya laini ya rangi ya shaba. Kwenye kila tawi alichukua machache tu, mengine akayaacha yafumbuke.

Nyumbani aliyakausha kivulini, akayaloweka katika maji ya moto, akafunika. Maji yakageuka mekundu kama divai ya misa. Yalikuwa makali, yanakaza ulimi. Nilikunywa. Alinipikia sombe, majani ya muhogo, na samaki wa Pweto, akakaa mbele yangu mpaka sahani iwe tupu. Na kila asubuhi, mlangoni, alivuta ngozi ya jicho, akatazama, akarudi jikoni.

Mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kunyesha siku alipotazama, akatazama tena, kisha akamwita mwanawe kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

"Kuya uone! Damu ilirudia!"

Mume wangu alikuja mbio, sabuni ya kunyolea bado iko shavuni. Wote wawili wakainamia jicho langu kana kwamba wanachungulia kisima kilichojaa maji.

Nilimwuliza mama kilichoniponya: vidonge, samaki, au mti ule.

"Mungu njo anajua. Weye nyonyesha mutoto."

Akajinyoosha kwenye mkeka, akalala pale pale, mchana kutwa. Tangu afike, usiku wala mchana, sikuwahi kumwona amelala. Uso wake ulikuwa umekonda kuliko siku aliyoshuka kwenye lori. Nilikaa karibu naye nikimfukuzia nzi, mtoto akinyonya mpaka maziwa yanammwagikia shingoni, nami sikuthubutu hata kukohoa.