Do ya Mrusi

Nilirudi kutoka Kampala na digrii mpya, nikapewa kazi ya majaribio katika shule moja ya misheni Thika. Mwalimu mkuu hakunikaribisha kiti.

"Kwaya ni yako. Lakini yule Mrusi wa Ruiru akisema hufai, mwarimu, mimi sina kazi ya kukupa."

Mrusi huyo alikuwa mtunzi wa muziki. Aliishi katika nyumba ya mabati kwenye shamba la kahawa, akiwafundisha piano wake za walowezi. Wakuu wa shule walimwomba atutungie wimbo wa furaha kwa sikukuu ya wazazi, aje kuukagua, kisha aandike barua juu yangu. Niliihitaji barua ile. Kule Maragoli mama alikuwa ameshatangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni mwalimu wa kwaya.

Jumamosi nilikwenda Ruiru kwa baiskeli. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na kwenye kizuizi cha barabarani askari walinipekua hadi soksi. Nilipofika mlangoni nilijiuliza kama nigonge mara mbili au mara tatu. Mara mbili ingeonyesha woga; mara tatu, ufidhuli. Kabla sijaamua, akafungua.

"Kwa nini wewe napumua kwa mlango yangu?"

Kiswahili chake kilikuwa kile cha walowezi, cha kuamrisha jikoni. Alinisimulia maisha yake, si kwa urafiki, bali nione ameporomoka kiasi gani hadi kukutana nami. Alisoma muziki Petersburg. Opera yake ilichezwa majuma mawili, mapinduzi yakaja, ukumbi ukafungwa. Akakimbilia Shanghai, akafundisha huko miaka mingi mpaka vita vikamfukuza.

"Mwanafunzi yangu ya Shanghai nacheza kwa jumba kubwa," alisema. "Sasa mimi nafundisha memsahibu, kidole kama ndizi. Halafu wewe."

Hiyo "halafu wewe" bado naitafakari.

Alinisukumia karatasi ya nota za mistari mitano. Sisi tulilelewa na solfa, herufi za d, r, m ubaoni, na nota zile nilizisoma kama kipofu. Niliona haya kusema. Nikadai kwamba ningependa kumsikia mwenyewe akiimba. Akaimba kwa majina ya sauti, kwa koo lililokauka kwa sigara hata tuni isisikike, majina tu, nami nikaandika mbiombio: r, m, f, s. Nilishangaa kwamba wimbo wa furaha unaanzia re na kuishia re. Nilitaka kuuliza. Nikawazia atakavyocheka, nikawazia nitakavyojibu, na nilipomaliza kuwazia nilikuwa barabarani.

Tuliufanyia mazoezi wiki tatu. Ulitoka mzito. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza akauliza, "Mwalimu, kwani nani amekufa?" Nikamwambia Warusi hufurahi hivyo.

Siku ya ukaguzi Mrusi alivumilia mstari mmoja tu, kisha akapiga meza kwa fimbo.

"Simama! Mimi natunga harusi, wewe naimba kaburi!"

Akakaa kwenye kinanda na kuucheza mwenyewe. Ulikuwa wimbo mwingine kabisa, mwepesi, wa kuchezesha mabega. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwake, do ni kibao kimoja cha kinanda, hakitoki mahali pake. Kwetu, do ni pale wimbo unapokaa; re yake ndiyo ingekuwa do yetu. Waimbaji wakichoka tunaishusha, tunaendelea. Yeye alitaja sauti sawasawa, mimi nikaziandika sawasawa, na wimbo ukafa katikati yetu.

"Bwana," nilisema, "do yetu inahama."

"Do nahama? Do iko kuku?"

Watoto waliangua kicheko. Nami nikacheka, kwa hofu tu, naye akaona meno yangu.

Aliandika barua palepale, juu ya kinanda. Mwalimu mkuu, asiyejua muziki hata kidogo, akaisoma kwa sauti: "Mtu huyu hajui do iko wapi." Akanigeukia. "Ni kweli?"

Ningeweza kusema si kweli. Lakini nilitaka kuwa sahihi.

"Inategemea, bwana. Inategemea wimbo."

"Basi hujui."

Jumatatu kwaya alipewa mwalimu wa useremala, nami nikaambiwa nimalizie muhula.

Mwalimu huyo alijaribu kuwafundisha watoto upya, wakakataa kubadilika. Nilikuwa nimewakaririsha mno. Siku ya sikukuu nilisimama nyuma ya wazazi, nikawasikia wakiimba vilevile nilivyowafundisha. Kina mama walianza kupangusa macho kwa ncha za vitambaa. Mrusi aliinuka kabla ya ubeti wa mwisho, akapita karibu nami, uso umemwiva.

"Naona? Wewe hapana iko, na bado naharibu."

"Asante, bwana," nilisema.

Yeye nilimchukia, lakini jibu langu lile nalichukia zaidi.