Madarasa Niliyompa Matiasi

Kosa ni langu, na nimelificha miaka mingi nyuma ya miwani na diploma. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui.

Miaka michache baada ya uhuru wa Burundi, serikali ilianza kusaidia nyumba za vijana, vituo vyao vya michezo na mafunzo. Nilikuwa nimerudi Rumonge kwa likizo kutoka chuo kikuu, najiona nusu waziri, nikapewa kazi ya kuandika orodha ya vijana wetu. Ofisi ya Bujumbura ilitaka majina arobaini: jina la kijana, la baba yake, mlima anakotoka, maana kwetu mlima ndio kijiji, na masomo aliyofikia. Bila waliosoma, msaada hautoki.

Sisi tulitaka mpira, cherehani na mwalimu wa kufundisha watu kusoma. Waliosoma kweli hawakujaza hata nusu ya karatasi. Waliobaki niliwasomesha mwenyewe, kwa kalamu, mchana mmoja.

Rafiki yangu Matiasi, mkamuaji wa mawese huko Kizuka, nilimpa miaka mitatu ya sekondari. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Weye murongo kabisa. Mimi hata jina yangu sijui kuandika."

"Iko karatasi tu, Matiasi."

"Basi niongezee mwaka moja, nikuwe direkteri wa shule."

Msaada ukatoka. Nilipigiwa makofi, nikayapokea.

Halafu, mwaka wa sabini na mbili, mauaji yakaanza. Haikuchukua siku nyingi tukaelewa kwamba askari wa serikali wanawatafuta waliosoma. Matiasi akaja kwetu, kwenye mtaa wa Waswahili, mikono bado ina mafuta. Safari hii hakucheka.

"Ile lisiti yako ya majina iko wapi?"

"Moja iko Bujumbura. Ingine iko hapa kwa ofisi."

"Nenda uwaambie mimi sikusoma. Weye wanakusikia."

Ofisi ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Niliogopa wangeniuliza na mimi nimesoma wapi.

"Ngoja kesho, ndugu yangu," nikamwambia. Hata sikumwambia avuke ziwa akimbilie ng'ambo. Ndiyo akili ya chuo kikuu hiyo.

Kesho yake asubuhi askari walimkuta kwenye mtambo wa mawese. Walioshuhudia walinieleza: waliita jina lake, la baba yake, kisha mlima wake, kwa mpangilio ule ule niliouandika. Akawaambia hajui kuandika. Wakamwambia kila msomi anasema hivyo siku hizi. Hakurudi.

Miezi ikapita, mama yake akanifuata sokoni.

"Wamesema mwanangu alikuwa msomi. Ni kweli? Weye ulikuwa rafiki yake."

"Ndiyo, mama," nikajibu. "Alisoma sana."

"Sasa mbona alinificha, mimi mama yake?"

Hadi leo anauza mawese pale sokoni, na wateja anawaambia alizaa msomi. Wakati mwingine ananiita nije nithibitishe. Nathibitisha.

Wewe unayejaza fomu za vijana leo, ofisi ikitaka wasomi nawe huna, acha mistari wazi. Mtakosa mpira, mtazoea. Na kama umeshadanganya, nenda ukaseme leo, kabla hujapata muda wa kufikiri. Mimi nilifikiri. Tangu hapo nimeandika kurasa nyingi sana, watu wamezisifu, na neno moja, "hakusoma", limenishinda kumwambia yule mama.