Durmuş Akamata Makasia

Zamani katika ziwa letu la Beyşehir, huku Uturuki, kila mashua ilikuwa na mke kwenye makasia na mume kwenye nyavu. Siku hizi kila mashua ina injini, skrini ya kuonyesha samaki, na mwanamume mmoja anayekula peke yake.

Durmuş na mkewe Döndü ndio waliobaki mwisho. Makasia ya Döndü yalifungwa vitambaa, maana sazan, samaki wetu mnene wa magamba, akisikia kishindo hutawanyika. Novemba sazan huacha matete na kushuka kwenye mashimo ya chini ya ziwa. Durmuş aliteremsha chupa yenye jiwe, akavuta kizibo kwa uzi ikiwa chini, na Döndü akamimina maji yale kwenye kifundo cha mkono wake. Yakiwa na baridi pungufu kuliko ya juu, samaki wapo, wavu unashushwa. Hakuna shule iliyomfundisha Döndü hilo, na hakuna kijana aliyekwenda kumwuliza.

Mwaka ule mtoto wao Nihat alikuja kutoka mji wa Konya, akawaambia wamechoka, wahamie kwake. Durmuş akajibu kwa kiburi: Novemba ikiisha bila kreti mbili za sazan, tunahamia kwako. Wakapeana mikono.

Siku ya mwisho hawakuwa wamejaza hata moja, na bega la kulia la Döndü lilikuwa limevimba. Nilikuwa kwenye mashua yangu, karibu nao. Döndü akamimina maji, akatabasamu.

"Wapo. Wamebanana kama waumini siku ya Idi."

Akavuta kasia. Mkono ukakataa.

Kwetu mwanamume hakai kwenye makasia. Durmuş alinitazama mimi, akatazama ufuko, kisha akakaa.

"Taratibu, Baba Nihat! Unakoroga mtindi?"

"Ninyamazie, mwanamke."

"Miaka thelathini na minane umeketi mbele yangu, hukujifunza kitu?"

"Nilikuwa nakutazama wewe, si makasia."

Döndü akacheka, huku akishusha wavu kwa mkono mmoja. Mimi pia nilicheka. Ndipo kasia lilipomponyoka Durmuş, mpini ukagonga ubavu wa mashua kwa kishindo kama cha mlango wa chuma. Mstari wa viputo ulitoka pale shimoni, ukaenda zake kwenye matete.

Wavu ulipanda na sazan watatu.

"Chukueni wangu," nikawaambia. "Nani atajua?"

"Nilimpa mwanangu mkono," alisema Durmuş.

"Ulimpa mkono wako," alisema Döndü, "na bega langu."

Lakini hakugusa samaki wangu.

Niliwaona mara ya mwisho Jumatatu iliyofuata, kwenye kituo cha basi. Durmuş alikuwa akigombana na utingo kuhusu godoro lao. Döndü alikwisha kupanda. Alichagua kiti cha upande wa barabara, ziwa likiwa mgongoni mwake. Nikagonga dirisha, akanipungia kwa mkono wa kushoto, gari likaondoka.