Pasi na Visanduku Kumi na Tisa

Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua wachache. Hospitali nzima ilimwita Pasi, kwa sababu aliingia pale na pasi mkononi. Miaka minane alinyoosha mashuka ya wagonjwa katika chumba cha kufulia, mvuke ukimpanda hadi puani, na hakuna shuka lililotoka mikononi mwake na kunyanzi. Mafundi wa waya walipokuja kutoboa kuta, yeye ndiye aliyewashikia ngazi saa ya mapumziko. Alishika ngazi, akashika bisibisi, mwisho akashika kazi yenyewe. Akasoma jioni miaka mitatu, akarudi na cheti, akapewa meza katika chumba kisicho na dirisha. Fundi wa mtandao. Mwanamke yule yule, mikono ile ile.

Sasa, mtandao wa hospitali ile ulikuwa mgonjwa kuliko wagonjwa. Majibu ya maabara yalipelekwa wodini kwa miguu. Mkuu wa hospitali alitaka mtambo mmoja mkubwa ukae ofisini kwake, uamuru kila kitu. Pasi akakataa mbele ya kikao kizima.

"Mtambo huo ukizimia, Mkuu, jengo lote linazimia nao. Niachie visanduku vyangu vipangane vyenyewe."

Visanduku vilikuwa kumi na tisa, vimetundikwa darini kwenye korido na wodi. Kila kimoja hurusha mtandao hewani kwa njia moja kati ya nne, na njia hizo Pasi aliziita rangi: nyekundu, kijani, bluu, njano. Taa ndogo ya kisanduku huonyesha kimeshika ipi. Majirani wawili wakishika rangi moja wanapigiana kelele, na hakuna anayesikika.

Dawa ya Pasi ilikuwa hivi. Hakuna kisanduku kinachojua hospitali nzima. Kinajua majirani zake tu, wale kinaowasikia, nao hawazidi watatu. Kila kisanduku kina namba, na namba ndiyo umri wake. Kinawauliza majirani: nyie namba ngapi? Kama katika wale ambao bado hawajachagua hakuna anayekizidi, kinatangulia kuchagua rangi ambayo jirani hajashika. Wadogo wanangoja zamu. Majirani watatu, rangi nne: lazima ibaki moja.

"Maneno matamu," alisema Mkuu. "Kesho saa sita mchana nakuja kuangalia. Visipotulia vinashuka vyote, na wewe unarudi kwenye mashuka. Kule wanakuhitaji."

Kesho yake asubuhi Pasi alipiga moyo konde, akawasha. Taa zote kumi na tisa zikawaka nyekundu. Kisha zote kijani. Kisha zote nyekundu. Nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, kama watu wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja anampisha mwenzake upande ule ule. Mtandao ukakata kabisa. Pasi alihangaika nazo hadi saa nne na nusu, shingo imekakamaa kwa kutazama juu.

Hapo akatokea shoga yake wa kufulia, yule waliyemwita Sabuni, anasukuma toroli la mashuka.

"Pasi we! Umefungua disko wodini?"

"Pita na mashuka yako."

"Sipiti. Mgonjwa wa kitanda cha nne anacheza na dripu mkononi." Akainua uso. "Mbona vyote vinaruka kwa pamoja?"

"Havitakiwi kuruka pamoja. Mkubwa anatangulia, wadogo wanangoja."

"Mkubwa yupi?"

"Mwenye namba kubwa, si nilikwambia jana?"

"Huyu hapa juu namba ngapi?"

Pasi akatazama karatasi yake ya mipangilio. "Saba."

"Na yule wa mlango wa maabara?"

"Saba."

"Na wa..."

"Shoga, nyamaza."

Sabuni hakunyamaza, alicheka hadi akajishika mbavu. "Kumbe umezaa mapacha kumi na tisa, halafu unawaambia wamheshimu mkubwa wao!"

Ndivyo ilivyokuwa. Pasi alikuwa amekipanga kisanduku cha saba vizuri mezani, akanakili mipangilio yake kwenye vingine vyote ili asichoke, na namba nayo ikanakiliwa. Kila kimoja kilijiona hakuna anayekizidi, kila kimoja kikatangulia.

Na kwa kuwa mtandao ulikata, hakuweza kurekebisha kutoka mezani. Ilibidi apande ngazi kila mahali, achomeke waya, akipe kila kimoja namba yake.

"Vipe namba nusu tu, vingine vizime," Sabuni alimnong'oneza. "Vilivyobaki vitatulia. Mkuu hajawahi hata kuvihesabu."

"Nimepandisha kumi na tisa. Vitawaka kumi na tisa. Shika ngazi."

Mashuka yakangoja koridoni. Pasi alipanda na kushuka, jasho likimtiririka hadi kwenye viatu. Mkuu alipofika, saa sita kasoro dakika tano, alimkuta juu kabisa, mlangoni mwa maabara, anachomoa waya kwenye kile cha mwisho.

Taa zikazimika zote, visanduku vikaanza kuulizana upya. Kisha moja ikawaka, ikatulia. Ikafuata nyingine mbali, bluu. Kila moja kwa zamu yake, hadi kumi na tisa, na hakuna majirani wawili waliofanana. Nesi akatoka wodini na kishikwambi chake: "Majibu ya kitanda cha nne yameingia!"

Mkuu alinyoosha mkono, akakizima kisanduku cha maabara kwenye swichi ya ukutani, akangoja, akakiwasha. Kikauliza majirani, kikashika njano. Wengine hawakutikisika.

"Nani amekiambia?"

"Majirani zake."

"Na asubuhi kulikuwa na nini? Nilisikia habari."

"Kosa langu, Mkuu. Nilivipa vyote namba moja." Alisema huku ameinua kidevu, bila kumumunya maneno.

Mkuu alitazama korido yote, mwanzo hadi mwisho. "Jengo la pili lingehitaji vingapi?"

"Thelathini na kimoja," alisema Pasi, akishuka. "Nimeshahesabu."