Akina Mabula wa Daftarini

Siku ya kwanza kazini, pale Boma la Mwanza, nilipewa kalamu, chupa ya wino na daftari la watu wa wilaya, nikaambiwa ninakili. Nilikuwa nimeshuka melini kutoka chuoni Kampala, kichwa kimejaa maswali. Kufikia mchana nikaweka kalamu chini. Kila ukurasa ulijaa Mabula: wa Mkolani, wa Kigongo, wa Sengerema. Katika daftari la zamani, la miaka michache tu nyuma, walikuwa wachache.

"Shikamoo mzee," nilimwambia Karani Mkuu. "Hawa wote ni ukoo mmoja?"

"Marahaba. Umeajiriwa kuuliza au kunakili?"

"Kunakili, mzee. Lakini hakuna ukoo unaozaana haraka hivyo."

"Basi kawaulize wake zao."

Alikuwa anatania. Mimi nikaenda kuuliza kweli.

Ninyi mnaofanya kazi hii leo mnadhani jina la ukoo limekuwapo siku zote. Kwetu Usukumani mtu alikuwa na jina lake na la baba yake, basi. Safu ya jina la ukoo ililetwa na serikali, nasi makarani tukaijaza kwa jina la baba. Tulisafiri hadi kwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, tukaketi uani kwake, watu wakapita mmoja mmoja. Wanaume wengi walikuwa kwenye mashamba ya mkonge, baadaye vitani, kwa hiyo waliotujibu ni wake zao. Na mke hakutamka jina la baba mkwe wake. Ni adabu. Akibanwa na karani, alitoa jina la kujinasua: Mabula, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Halikumvunjia mtu heshima. Makarani wenzangu walilijua hilo wakaandika tu, maana watu walikuwa wengi na jua kali. Hivyo ndivyo jina lilivyoenea: kwa adabu ya wanawake na uvivu wetu.

Vita vikuu vya pili vikaja, na taarifa ya kifo ikafika Boma: Shija Mabula, askari wa Mwanza. Karani Mkuu alifungua daftari, akamchukua Shija Mabula wa kwanza aliyemwona, wa Sengerema, akaipeleka taarifa huko. Siku chache baadaye mke wa huyo Shija, jina lake Minza, alivuka kwa mtumbwi akaja ofisini. Nyuma yake alifuata shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekwisha kutangaza kwamba atamrithi.

"Mume wangu hajafa," alisema Minza.

"Umejuaje?" shemeji yake akadakia. "Serikali inajua, wewe hujui?"

"Serikali ilimjua lini?"

Benchi zima la waliosubiri likacheka.

"Mama," nikamwuliza, "mumeo ni mtoto wa nani?"

"Si mliandika Mabula?"

"Nataka jina lenyewe."

"Nimtaje mkwe wangu mbele ya watu? Karani, wewe ulizaliwa au uliokotwa?"

Nikachukua kitabu cha askari, ambamo kila mmoja alimtaja baba yake kwa kinywa chake mwenyewe. "Nitawasoma akina Shija wa Sengerema. Wewe usiseme kitu."

Shija Masanja. Kimya. Shija Ndaki. Kimya. Shija Lugola. Minza akageukia ukuta, akajifunika kanga usoni.

Shija Lugola hakuwa na taarifa yoyote ya kifo. Na yule shemeji, ambaye Lugola ni baba yake mzazi na angeweza kumtaja tangu mwanzo, alikuwa anatazama miguu yake! Hadi leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Nikampelekea habari hiyo Bwana Shauri, Mwingereza aliyesikiliza malalamiko ya raia.

"Karani akianza kufuta daftari, nani ataliamini tena?" alisema.

"Bwana, mtu huyu yu hai."

"Basi akirudi tutamwona."

Mimi mwenyewe nikamwandikia mwanangwa wa kijiji cha Minza kwamba mumewe yu hai, nikagonga mhuri wa Boma bila ruhusa. Minza hakurithiwa. Mwezi haukuisha nikahamishiwa Ukerewe, nikaenda huku nikijiona shujaa. Vita vilipokwisha, Shija Lugola akarudi nyumbani kwa mkewe.

Niliporudishwa Mwanza nilifungua jalada lile ili nijipongeze. Taarifa ilikuwa palepale, imegongwa mhuri: imefikishwa. Hapo ndipo nilipopata akili. Mtu alikuwa amekufa kweli. Nikatafuta siku nzima nikampata: Shija Mabula wa Mkolani, mtoto halisi wa mtu aliyeitwa Mabula. Nilikwenda kwao siku iliyofuata. Mama yake alikuwa bado anamlimia kipande chake cha mtama.

"Mmejua tangu lini?" aliniuliza.

Nikamwambia ukweli. Hakulia mbele yangu. Alinyanyua jembe akaingia ndani.

Nimestaafu na cheti kinachosema nilitumika bila dosari. Leo akina Mabula wamejaa mjini, wanaitana ndugu, na hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni ofisi iliyotaka kila mtu awe na jina, kisha ikaona jina linatosha, mtu hana haja ya kutafutwa. Kutoka Boma hadi Mkolani ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Miaka yote ile hakuna aliyeutembea. Hata mimi, niliyekuwa nauliza kila kitu.